Teksi bila dereva: kosa liandikwe kwenye kibali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie teksi zinazojiendesha, maana mjadala wake umekwama kwenye kichekesho. Septemba 2025 polisi wa San Bruno, mji ulio kusini ya San Francisco, jimbo la California, Marekani, walikuwa usiku katika ukaguzi wa madereva walevi. Mbele ya macho yao teksi ya Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, ikageuza na kurudi ilikotoka, mahali palipokatazwa kugeuza. Wakaisimamisha, nayo ikatii. Kuchungulia dirishani, kiti cha dereva kitupu. Hawakuandika kosa. Baadaye walieleza kwamba kitabu chao cha faini hakina kisanduku cha roboti, wakaijulisha kampuni kwa simu, na gari likaenda zake.

Tangu hapo watu wanaulizana roboti itafikishwaje mahakamani. Swali hilo linatupotezea muda. Roboti haina mfuko wala aibu. Wa kujibu yupo: ni yule aliyepewa kibali cha kuziingiza teksi hizo barabarani, na kosa lazima liandikwe mahali panapomuuma, yaani kwenye kibali chenyewe. Faini peke yake haitamfanya lolote, na nitaeleza kwa nini.

Makosa ya barabarani yana njia mbili za kumfikia mkosaji. Kosa la kuegesha hufuata bamba la namba. Karatasi hubandikwa kiooni, deni huenda kwa mwenye gari, na hakuna anayeuliza nani aliliacha pale. Ndiyo maana San Francisco haikupata shida yoyote kuziandikia teksi hizi faini za maegesho: mwaka 2024 peke yake Waymo iliandikiwa mara 589, jumla zaidi ya dola 65,000. Kosa la mwendo humfuata mtu. Kupita taa nyekundu, kutompisha mwenda kwa miguu kwenye kivuko, kuingia upande wa magari yanayokuja, yote haya askari huyaandika kwa jina na namba ya leseni, mhusika hutia sahihi kwamba ataitika wito, kisha pointi huingia kwenye rekodi yake. Huko California dereva akifikisha pointi 4 ndani ya miezi 12, au 6 ndani ya miezi 24, au 8 ndani ya miezi 36, idara ya magari humhesabu kuwa dereva mzembe na leseni yake huwa hatarini. Pointi ndizo zinazomfanya mtu apunguze mwendo. Dola mia mbili husahaulika mwezi ukiisha.

Kampuni ya teksi hizi haina leseni ya udereva, kwa hiyo pointi hazina pa kutua. Sheria ya California ya mwaka 2012 ilisema mwendeshaji ni mtu aliyekaa kiti cha dereva na, kama kiti ni kitupu, ni yule aliyesababisha teknolojia ya kujiendesha ianze kazi. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Barabarani, huyo aliyeianzisha ni nani? Abiria aliyebonyeza simu yake? Fundi aliyelitoa gari yadi alfajiri? Askari mwenye foleni nyuma yake hana muda wa kufasiri vifungu.

Texas ilisema waziwazi zaidi mwaka 2017: mmiliki wa mfumo unaoendesha gari ndiye anayehesabiwa kuwa mwendeshaji linapokuja suala la sheria za barabarani, awe ndani ya gari au asiwe. Arizona nayo inaruhusu mwenye gari la namna hii aandikiwe kosa. Lakini sheria kuruhusu si sawa na askari kuweza. Juni 2024 mjini Phoenix, ndani ya Arizona hiyohiyo, askari aliisimamisha teksi iliyoingia upande wa magari yanayokuja karibu na eneo la ujenzi, na kumbukumbu ya polisi ikaandikwa kwamba kompyuta haiwezi kupewa karatasi ya faini. Kifungu kilikuwepo, fomu haikuwepo. Anayetunga sheria bila kutengeneza fomu, na bila kumfundisha askari wa zamu ya usiku jinsi ya kuijaza, amefanya nusu ya kazi.

California imejaribu kuziba pengo kwa sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kupangiwa kuanza Julai 1, 2026. Askari akiona kosa ataandika notisi ya ukiukaji kwa jina la kampuni, na kampuni itapaswa kuifikisha kwa idara ya magari ndani ya saa 72. Sheria hiyo inataka pia kuwe na namba ya simu ya dharura inayopokewa na mtu, kifaa garini cha kuzungumza na askari au zimamoto, na uwezo wa kuyaondoa magari kwenye eneo la dharura ndani ya dakika 2 tangu agizo litolewe. Hizi ni hatua nzuri, hasa hiyo ya dakika 2, kwa sababu zimamoto wa San Francisco walishachoka kukuta teksi imesimama katikati ya kazi yao. Upungufu wake ni huu: notisi yenyewe haina kiasi cha faini, na kitakachofuata baada ya notisi ya tano au ya hamsini kimeachwa kwa busara ya idara. Nisingelilia hiyo faini. Ningelilia hiyo notisi ya hamsini.

Dereva binadamu akipitiliza taa nyekundu, mara nyingi ni yeye, siku ile, kwenye makutano yale. Jirani yake mwenye gari kama lake hakukosea. Teksi inayojiendesha ikikosea kwa sababu ya programu, kila gari lenye toleo lilelile la programu linalo kosa hilohilo tumboni, linasubiri tu hali ifanane. Karatasi moja ya faini kwa gari moja inalitazama tatizo kama la dereva mmoja, wakati tatizo limekaa ndani ya magari elfu.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mabasi ya shule. Marekani basi la shule likiwasha taa nyekundu za kumwekamweka na kunyoosha mkono wenye alama ya kusimama, magari husimama mpaka mkono urudi. Mwaka 2025 teksi za Waymo zilionekana zikiyapita mabasi yaliyosimama hivyo, Atlanta na kisha Austin, ambako idara ya shule ina kamera kwenye mabasi na ilihesabu matukio hayo moja baada ya jingine. Oktoba mwaka huo mamlaka ya usalama barabarani ya nchi, NHTSA, ikafungua uchunguzi. Kampuni ilisema imesasisha programu, lakini idara ya shule ya Austin ikasema makosa yameendelea baada ya hapo. Desemba kampuni ikatangaza rasmi marekebisho kwa magari zaidi ya 3,000. Hakuna gari lililopelekwa gereji. Programu mpya hutumwa kwa mtandao magari yakiwa yadi. Hebu fikiria dereva mmoja wa teksi wa kawaida akamatwe akilipita basi la shule mara kumi na kitu katika muhula mmoja. Nani angemwachia leseni?

Kosa la aina hiyo hutokeaje, na gari limejaa vihisi? Lida, yaani kihisi kinachotumia miale ya leza, hupima umbali na umbo lakini haisomi rangi. Rangi husomwa na kamera, na taa inayomweka haitambuliki kwa picha moja, kwa kuwa picha inaweza kunaswa taa ikiwa imezima. Mfumo unahitaji mfululizo wa picha kabla ya kuamua kwamba hii ni taa ya kumweka na si mng’ao wa jua. Hata baada ya kuitambua, sehemu nyingine ya programu inapaswa kuamua muda wa kusubiri. Gari linaweza kusimama vizuri kabisa, likaona hakuna mtoto anayevuka, likajiona limeshatimiza wajibu, likaondoka mkono wa basi ukiwa bado umenyooka. Macho yaliona, kanuni ya kusubiri ndiyo iliyokuwa na kasoro. Mchunguzi asiyejua tofauti hiyo ataandika kwamba kihisi kilishindwa, kampuni itakubali haraka, na kasoro yenyewe itabaki.

Kuna kosa lingine baya zaidi kwa maoni yangu, nalo ni kosa lililokusudiwa. Februari 2022 Tesla ililazimika kuondoa, kwenye magari karibu 54,000, uwezo wa kuvuka alama ya STOP bila kusimama kabisa, kwa mwendo wa hadi maili 5.6 kwa saa, kama kilomita 9. Yale hayakuwa teksi na yalikuwa na madereva, lakini somo linahusu teksi moja kwa moja: mtu fulani ofisini alikaa akaandika kwamba sheria hii inaweza kuvunjwa kidogo. Dereva binadamu huvunja kwa mazoea au kwa haraka. Kampuni huvunja kwa mpangilio, na mpangilio una tarehe, una toleo, una aliyeuidhinisha. Teksi zinapofundishwa kuwa jasiri zaidi ili zisizuie foleni, kila hatua ya ujasiri huo ni uamuzi wa namna hiyo. Kuvuka mstari usiokatika ili kulizunguka lori lililoegeshwa vibaya pengine ni busara. Basi ruhusa iombwe kwa maandishi, na mwenye mamlaka ya barabara aseme ndiyo au hapana, kabla magari hayajaanza.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo kesi nyingi zitafia, kwa sababu shahidi mkuu ni kompyuta ya mtuhumiwa. Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Sheria ya California inataka gari lihifadhi taarifa za vihisi za angalau sekunde 30 kabla ya mgongano, na zitunzwe miaka 3. Tazama neno lile, mgongano. Teksi iliyopita taa nyekundu bila kugonga mtu haiguswi na sharti hilo, na taarifa za vihisi ni nyingi mno hivi kwamba zisipohitajika hufutwa kupisha mpya. Notisi ikimfikia mhusika baada ya siku kadhaa, ushahidi unaweza kuwa umeshafunikwa. Dawa yake ni ndogo: notisi ya askari ihesabiwe, tangu dakika inapoandikwa, kuwa amri ya kutofuta chochote.

Mchunguzi aombe nini? Video ya kamera ya mbele haitoshi. Hiyo hata mpita njia anaweza kuwa nayo. Aombe kumbukumbu ya kuonyesha kama mfumo ndio uliokuwa ukiendesha au la, mwendo na breki kwa kila sehemu ya sekunde, na kile ambacho mfumo ulidhani unakiona, pamoja na njia uliyokuwa umepanga kupita. Bila hicho cha tatu hakuna atakayejua kama gari halikuona alama au liliiona likaipuuza. Aombe namba ya toleo la programu na tarehe ya ramani, kwa sababu alama ya muda iliyowekwa jana kwenye ujenzi haipo kwenye ramani ya juzi. Aombe pia kila ujumbe uliopita kati ya gari na wasaidizi wa mbali, yaani watu wa kampuni wanaolijibu gari likikwama. Na kabla ya yote, aulize saa ya gari inalinganishwa na saa ipi. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Saa ya gari na saa ya kisanduku cha taa za barabarani zikipishana sekunde moja, gari lililopita kwenye njano litaonekana limepita kwenye nyekundu, au kinyume chake, na wakili yeyote mzuri atakaa hapohapo mpaka jioni.

Je, kampuni ikitoa nusu ya ukweli? Hilo limeshatokea. Oktoba 2, 2023, San Francisco, mwanamke aliyekuwa anavuka aligongwa na gari la mtu mwingine, akarushwa mbele ya teksi ya Cruise, kampuni nyingine ya teksi zinazojiendesha. Teksi ilimgonga, ikasimama, kisha ikajaribu kujisogeza pembeni ikamburuta kama futi 20, yaani mita 6, kwa mwendo uliofika maili 7 kwa saa. Kuburuta huko hakukuelezwa ipasavyo katika taarifa za mwanzo kwa mamlaka. Oktoba 24 idara ya magari ya California ilisimamisha vibali vyake. Faini zilikuja baadaye: dola 112,500 kwa tume ya huduma za umma ya jimbo, milioni 1.5 kwa NHTSA, na 500,000 katika makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali kuu kwa taarifa ya uongo. Ukizijumlisha, hazifiki hata bei ya kuendesha ofisi ya kampuni kama ile kwa muda mfupi. Kilichozisimamisha teksi ni kile kibali. Desemba 2024 General Motors, mwenye kampuni hiyo, akatangaza kwamba haweki tena fedha kwenye teksi za aina hiyo.

Kusimamisha vibali vyote, hata hivyo, ni nyundo kubwa, na mwenye nyundo kubwa tu huogopa kuitumia mpaka mtu aumie. Inafaa kuwe na ngazi, na ngazi si ndoto. Agosti 2023, baada ya teksi ya Cruise kugongana na gari la zimamoto, idara hiyohiyo iliitaka kampuni ipunguze magari yake kwa nusu, yasizidi 50 mchana na 150 usiku. Hivyo ndivyo pointi za kampuni zinavyopaswa kufanya kazi. Kosa la kwanza la aina fulani liandikwe na lielezwe. Kosa lilelile likirudi baada ya kampuni kusema imerekebisha, hali iliyoleta kosa ifungwe kwa magari yote: kama ni mabasi ya shule, teksi zisipite mitaa ya shule saa za watoto kuingia na kutoka. Likirudi tena, idadi ya magari ipungue. Na kufungua kusiwe kwa barua ya ahadi. Kampuni ionyeshe hali ile ikirudiwa kwenye uwanja wa majaribio, mchana, usiku na mvua, mbele ya mkaguzi asiyelipwa nayo, kwa toleo lilelile la programu litakalorudi barabarani. Likibadilishwa toleo wiki inayofuata, jaribio lirudiwe.

Makosa nayo yahesabiwe kwa kilomita zilizotembewa, la sivyo kampuni yenye magari 2,000 itaonekana mbaya kuliko yenye 20 hata kama inaendesha vizuri mara kumi. Hapo nazitendea haki kampuni. Mashine haisinzii, hainywi pombe, na haisomi ujumbe wa simu ikiendesha. Lakini dereva mwenye miaka ishirini bila ajali naye huandikiwa akipita taa nyekundu, na hakuna hakimu anayempa punguzo kwa wastani wake.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa vya kutosha, nalo ni hatari ya mfanyakazi mdogo kubebeshwa zigo. Machi 2018 huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber, lililokuwa likijiendesha, lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akikokota baiskeli. Waendesha mashtaka waliamua kutoishitaki kampuni. Mwangalizi aliyekuwa kitini alishitakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa na kupewa kifungo cha nje cha miaka 3. Yeye alikuwa na makosa yake, lakini hakuwa yeye aliyezima mfumo wa breki za dharura wa kiwandani ili usigombane na programu ya majaribio. Leo kitini hakuna mtu, lakini mbali yuko msaidizi mbele ya skrini. Kwa kawaida hashiki usukani. Gari likikwama humuuliza, naye hulijibu kwamba pita kushoto, au subiri. Desemba 2025 umeme ulipokatika San Francisco na taa za barabarani kuzimika, maombi ya namna hiyo yalimiminika kwa wakati mmoja, majibu yakachelewa, teksi zikabaki zimesimama kwenye makutano. Kosa la kuziba makutano lile lingeandikwa kwa nani? Kwa msaidizi mwenye foleni ya maswali, au kwa aliyeamua idadi ya wasaidizi itoshe siku ya kawaida tu?

Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2021, imemtambua msimamizi wa kiufundi kama mtu mwenye sifa na kazi zilizoandikwa, na kumwachia mwenye gari wajibu wake wa matengenezo na utunzaji wa taarifa. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2024, inataka safari zisizo na mtu wa kushika usukani ziwe chini ya mwendeshaji mwenye leseni, na kutoa taarifa za uongo au kuficha taarifa za usalama ni jinai. Ningependelea njia ya Waingereza katika hili la jinai. Msaidizi ajibu kwa alichokifanya kwa makusudi, basi.

Abiria asiguswe kwa jinsi gari lilivyoendeshwa, ingawa akifungua mlango bila kutazama akamwangusha mwendesha baiskeli, hilo ni lake. Lakini kama teksi ilimshusha kwenye njia ya baiskeli, mahali pasiporuhusiwa kusimama, wa kwanza kuulizwa ni aliyechagua pale pa kusimama.

Nimalizie kando ya barabara, tulikoanzia. Gari linatakiwa kutambua king’ora na taa za polisi, lisogee mahali salama, lizime mwendo, na lisiondoke mpaka askari aliruhusu. Mtu wa kampuni azungumze naye kupitia spika ndani ya sekunde chache, si kumwimbia muziki wa kusubiri. Nje ya mlango kuwe na namba ya kibali inayosomeka usiku kwa tochi, kubwa kama bamba la namba. Na kwenye kitabu cha askari, chini ya kisanduku cha jina la dereva, kiongezwe kisanduku cha namba hiyo ya kibali, cha toleo la programu kama litakavyotajwa na sauti ile, na cha saa mpaka sekunde. Kuchapa kitabu kipya hakuhitaji kusubiri bunge.

Wako,
Msomaji na mfuatiliaji wa sheria za usalama barabarani